Mtu Aliyekwisha Kubali Bei: Uhakiki wa Uigizaji wa William Holden, 1939–1981

Kuhakiki kazi ya mwigizaji wa filamu kuna ugumu ambao mhakiki wa riwaya au wa ushairi hakutani nao. Mtunzi wa riwaya huwajibika kwa kila neno lililomo kitabuni mwake. Mwigizaji wa Hollywood wa kati ya miaka ya 1930 na 1950 hakuchagua maneno yake, mara nyingi hakuchagua hata filamu yenyewe, na sura yake ilikuwa mali ya studio kwa muda uliotajwa katika mkataba. Kwa sababu hiyo wengi walioandika kuhusu nyota wa enzi hiyo wamekimbilia wasifu: ndoa, magomvi, ulevi, kifo. Maisha yakafanywa ufunguo wa kila onyesho. William Holden ni miongoni mwa walioumizwa zaidi na mkabala huo. Uso wake uliokunjamana mapema umeelezwa kwa pombe. Utulivu wake mbele ya kamera umeelezwa kwa sifa ile yenye dharau ndani yake ambayo hupewa waigizaji wasiopaza sauti, kwamba hakuwa akiigiza bali alikuwa yeye mwenyewe tu.

Makala haya yanapingana na maelezo hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba filamu bora za Holden zina mhusika mmoja anayerudi kwa majina tofauti, naye ni mtu aliyekwisha kubali bei. Mhusika anayeshawishiwa auze utu wake ni wa kawaida katika fasihi ya mahali popote. Mhusika wa Holden yuko hatua moja mbele: mauzo yake yamefanyika kabla ya filamu kuanza au katika dakika zake za mwanzo, anajua kwamba alipunjwa, na muda wote unaobaki anaishi na hesabu hiyo. Mhusika huyo hakuzaliwa na chupa. Alizaliwa na masharti ya ajira ambayo Holden aliyaishi tangu akiwa na umri wa miaka 20, na akapewa umbo kwa mbinu za uigizaji zinazoweza kutajwa na kuchambuliwa.

Mkataba wa nusu kwa nusu

Holden alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 mjini O'Fallon, jimbo la Illinois nchini Marekani, kwa jina la William Franklin Beedle. Wazazi wake walihamia kusini mwa California angali mtoto, naye akasomea Pasadena, mwendo mfupi kutoka zilipo studio. Paramount ilimpata akiwa kijana wa chuo aliyekuwa akiigiza jukwaani, ikampa mkataba na jina jipya. Kampuni ya Columbia ilipomtaka kwa ajili ya filamu ya Golden Boy (1939), ilichukua pamoja naye nusu ya mkataba huo. Tangu hapo, kwa miaka mingi, alikuwa mali ya pamoja ya kampuni mbili.

Anayefuatilia usajili wa wachezaji wa mpira wa miguu hahitaji maelezo marefu kuhusu mfumo huu, maana waigizaji nao walisajiliwa, waliazimwa kwa mkopo na waliwekwa benchi. Tofauti ilikuwa katika ukali wa masharti. Mwigizaji aliyekataa filamu aliyopangiwa alisimamishwa bila malipo, na siku za kusimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba, hivyo miaka saba ingeweza kugeuka kuwa tisa au kumi. Ilibidi Olivia de Havilland aishtaki studio yake, na mahakama ya California impe haki mwaka 1944, ndipo mchezo huo wa kuongeza siku ukakoma. Holden hakuwa mgeni wa mambo haya. Alishiriki katika uongozi wa chama cha waigizaji wa filamu, na mwaka 1952 alisimama na Ronald Reagan, aliyekuwa rais wa chama hicho, siku ya harusi yake.

Golden Boy yenyewe ni filamu ya wastani, lakini kwa hoja ya makala haya ni mwanzo usioweza kurukwa. Mhusika wake, Joe Bonaparte, ni mpiga fidla anayegeuka kuwa bondia kwa kuwa ngumi zinalipa na fidla hailipi. Tamthiliya ya Clifford Odets ya mwaka 1937, ambayo ndiyo chimbuko la filamu, inammaliza kijana huyo kwa kifo. Studio ilimrudisha nyumbani kwa baba yake akiwa hai, na mpenzi wake ubavuni. Uigizaji wa Holden hapa ni wa mwanagenzi. Anakunja uso panapotakiwa huzuni na kuhema panapotakiwa hasira. Siku za mwanzo wakubwa walitaka kumwondoa, na ni Barbara Stanwyck, nyota wa filamu hiyo, aliyemtetea na kumfundisha. Deni hilo Holden alilikiri hadharani katika sherehe za Tuzo za Oscar za mwaka 1978, Stanwyck akiwa amesimama naye jukwaani.

Muongo uliofuata hauna mengi ya kumshughulisha mhakiki. Alicheza kijana mwema, jirani mwema, mchumba mwema. Alitumikia jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mdogo wake, rubani wa jeshi la majini, aliuawa katika Pasifiki mwaka 1944. Aliporudi studio alikuta amewekewa nafasi zilezile za tabasamu. Angalikoma hapo, asingekumbukwa.

Msimulizi aliyekufa

Holden hakuwa chaguo la kwanza la Billy Wilder kwa Sunset Boulevard (1950). Montgomery Clift alikubali kisha akajitoa. Fred MacMurray alikataa. Wote wawili yaelekea waliona kitu kilekile: nafasi ya Joe Gillis ni ya aibu. Ni mwanamume mwenye afya na elimu anayelishwa, kuvishwa na kulazwa na mwanamke tajiri anayemzidi umri, naye anaendelea kukaa. Nyota mwenye jina la kulinda angeiogopa. Holden, ambaye baada ya miaka 11 hakuwa na jina kubwa la kulinda, aliipokea.

Filamu inaanza na maiti ikielea katika bwawa la kuogelea, na sauti inayotueleza habari za maiti hiyo ni ya maiti yenyewe. Wilder alikuwa amepiga picha mwanzo mwingine, ndani ya chumba cha kuhifadhia maiti, wafu wakizungumza. Watazamaji wa maonyesho ya majaribio wakacheka, akaukata. Usimulizi uliobaki ndio uliomfanya Holden kuwa mwigizaji. Kwa mara ya kwanza alipewa sauti iliyotengana na uso. Uso wa Gillis katika matukio bado una matumaini, unaongopa, unabembeleza. Sauti inajua mwisho. Kinaya cha filamu kimo katika pengo kati ya viwili hivyo, na Holden analitunza pengo hilo kwa uangalifu mkubwa. Sauti haisikitiki. Inatoa habari kwa kasi ileile ya mwandishi wa gazeti anayesoma ripoti ya ajali, hata pale inapofika kwenye risasi. Mwigizaji mwingine angaliweka kilio kidogo katika maneno ya mwisho. Holden anaweka uchovu wa mtu anayesoma risiti.

Onyesho linalofaa kuchunguzwa kwa ukaribu ni lile la duka la nguo za kiume. Norma Desmond, nyota wa filamu bubu aliyesahauliwa, anayeigizwa na Gloria Swanson, amempeleka Gillis kununuliwa mavazi. Gillis anataka koti la bei ya kawaida. Muuzaji anainama karibu na sikio lake na kumnong'oneza kwamba, maadamu bibi ndiye anayelipa, kwa nini asichukue lile la sufu ghali kuliko yote? Muswada haumpi Gillis jibu. Yote yanategemea uso. Holden hakasiriki wala haoni haya kwa namna ambayo mtazamaji angeitambua mara moja. Anamtazama muuzaji kama mtu aliyetambuliwa na mwenzake wa kazi. Katika mtazamo huo Gillis anaelewa kwamba muuzaji amekwisha kuwaona wengi kama yeye, na kwamba kuna bei inayojulikana. Anatoka na koti.

Wahakiki wengi wa filamu hii wameelekeza macho kwa Swanson, na haki wanayo. Uigizaji wake ni moto. Lakini moto unahitaji jiko. Utulivu wa Holden ndio unaomzuia Norma asigeuke kuwa kichekesho, kwa sababu kila anapotia chumvi tunaona mbele yake mtu anayepima ni kiasi gani cha chumvi hiyo kinalipiwa. Onyesho la karibu na mwisho, Gillis anapomwita Betty Schaefer aje aione nyumba na kumtembeza kama dalali, lingeweza kusomwa kama toba. Holden analiigiza kama mnada. Anaonyesha vyumba, anaonyesha picha, anajionyesha yeye mwenyewe, na sauti yake ina uchangamfu wa ovyo unaotisha. Betty anapomwambia waondoke pamoja, anakataa. Baadaye anafunga virago kuondoka peke yake, naye anauawa akielekea langoni. Uamuzi wa kuondoka umechelewa, na Holden haujazi ushujaa: anatembea na sanduku lake kama mfanyakazi aliyeacha kazi katikati ya mwezi.

Mfanyabiashara wa bweni

Miaka mitatu baadaye Wilder alimpa Holden nafasi ya Sefton katika Stalag 17 (1953), hadithi ya mateka wa vita wa Kimarekani katika kambi ya Wajerumani, iliyotokana na tamthiliya ya watu wawili waliowahi kushikwa mateka wenyewe. Sefton anafanya biashara na walinzi. Anaendesha kamari ya mbio za panya, anapika gongo ya maganda ya viazi, anakodisha darubini kwa wenzake wanaotaka kuwachungulia wanawake wa Kirusi ng'ambo ya ua. Filamu inapoanza, mateka wawili wanatoroka kwa siri, na Sefton anaweka dau la sigara kwamba hawatafika mbali. Wanauawa. Anakusanya sigara zake.

Inasimuliwa kwamba Holden aliomba mhusika alainishwe, apewe angalau maneno ya kuwachukia Wanazi, na kwamba Wilder alikataa. Kama ni kweli, ombi lilikuwa la nyota anayelinda sura yake, na kukataliwa kukawa zawadi. Bila maneno ya kujitetea Holden alilazimika kumjenga Sefton kwa mwili. Amelala kitandani wengine wanapojadiliana. Anazungumza sigara kubwa ikiwa kinywani, kana kwamba kuitoa ni gharama. Wenzake wanapomshuku kuwa ndiye msaliti na kumpiga hadi kumvimbisha uso, hatoi kilio cha mtu aliyeonewa. Anakaa, anawatazama mmoja mmoja, anaanza kupeleleza ni nani msaliti wa kweli. Kosa la wenzake kwake ni kosa la hesabu: wamemnyima soko.

Usomaji uliozoeleka humwona Sefton kama shujaa aliyejificha, ambaye mwishoni moyo wake mwema unafichuka anapojitolea kumtorosha luteni Dunbar. Usomaji huo hausimami mbele ya maneno ya filamu yenyewe. Sefton anasema waziwazi kwamba familia ya Dunbar ni tajiri na kwamba anatarajia malipo. Akishuka katika shimo la kutorokea anawaambia wenzake kwamba wakikutana barabarani siku moja wajifanye hawajuani. Kisha kichwa chake kinachomoza tena, anatabasamu, anapiga saluti, anatoweka. Tabasamu hilo limewashawishi wengi kwamba mapatano yamepatikana. Likitazamwa bila haraka linaonekana kuwa tabasamu la dukani, la mtu aliyefunga biashara nzuri na ambaye, kwa mara moja, haoni ubaya kuwashukuru wateja. Nguvu ya onyesho imo katika kuliacha likiwa na sura mbili. Holden angeweza kulipasha joto; hakulipasha.

Kwa uigizaji huo alipata Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mwezi Machi 1954. Muda wa matangazo ya televisheni ulikuwa umekwisha, naye akasema asante na kuondoka.

Miaka ya faida

Baada ya hapo Holden alifanya kazi nyingi kwa haraka. Sabrina (1954) inamvika nywele za dhahabu na kumfanya mtoto wa tajiri asiye na kazi, nafasi anayoitekeleza kwa wepesi na kuisahau. Katika The Bridges at Toko-Ri (1954) anakufa ndani ya mtaro wa Korea, katika vita ambavyo mhusika wake haelewi kwa nini ameitwa tena. Picnic (1955) ni kosa la usambazaji wa kazi: mwanamume wa miaka 37 anamwigiza kijana mzururaji, shati linachanika, kifua kimenyolewa, na kamera inamwuza kwa namna ambayo awali waliuzwa waigizaji wa kike. Ngoma yake na Kim Novak bado ina mvuto, lakini sehemu nyingine inatia aibu. Mwaka 1956 wenye majumba ya sinema nchini Marekani walimweka wa kwanza katika orodha ya nyota walioingiza fedha nyingi zaidi.

The Bridge on the River Kwai (1957) inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndani yake mkataba wa mhusika na mkataba wa mwigizaji vinagongana. Katika riwaya ya Pierre Boulle, Shears ni Mwingereza. Filamu ya David Lean ilimfanya Mmarekani ili nafasi imfae Holden. Shears ni baharia wa kawaida aliyevaa cheo cha afisa aliyekufa apate kutendewa vizuri kambini. Tunamkuta akizika wenzake na kumhonga mlinzi kiberiti cha petroli alichokichukua kwa maiti, ili aandikwe katika orodha ya wagonjwa. Anatoroka. Anapona hospitalini Ceylon. Hapo Waingereza wanamtaka arudi msituni kulivunja daraja, naye anapokiri kwamba si afisa anagundua kuwa wanajua tayari, na kwamba jeshi la majini la nchi yake limekwisha kumkabidhi kwao. Onyesho hilo Holden analicheza kwa kicheko kifupi. Amekuwa kwa mkopo tena. Mtu aliyegawanywa kati ya Paramount na Columbia hakuhitaji kufundishwa namna ya kukicheka kicheko hicho.

Kwa nje ya skrini mambo yalikuwa kinyume. Mkataba wa Holden ulimpa asilimia 10 ya mapato, ikilipwa kwa kiwango kisichozidi dola 50,000 kwa mwaka, mpango uliobuniwa kupunguza kodi. Filamu ilipata tuzo 7 za Oscar na fedha nyingi kiasi kwamba malipo hayo yangeendelea kwa miaka na miaka. Shears alikufa ukingoni mwa mto kwa kazi ambayo hakuitaka. Aliyemwigiza hakuhitaji tena kumtegemea mwajiri yeyote. Mwaka 1959 Holden alihamishia makazi yake Uswisi. Na ni hapa uigizaji wake ulipoanza kulegea. Katika filamu kadhaa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 anaonekana kama mgeni anayesubiri ndege. Wafuasi wa mkabala wa wasifu husema ni pombe. Inawezekana pombe ilichangia, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu alikunywa kabla na alikunywa baadaye, na kazi zake kubwa ziko pande zote mbili. Kilichokosekana katika kipindi hicho ni bei. Mwigizaji aliyejifunza kumcheza mtu aliyenunuliwa alikuwa hanunuliki.

Nanyuki

Mwaka huohuo wa 1959 Holden, pamoja na mfanyabiashara wa mafuta wa Kimarekani Ray Ryan na mwanabenki wa Uswisi Carl Hirschmann, alinunua hoteli ya Mawingu karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wakaifanya Mount Kenya Safari Club. Baadaye alishirikiana na Don Hunt kuanzisha ranchi ya wanyamapori katika eneo hilo. Waandishi wa maisha yake husimulia sehemu hii kwa wororo: nyota aliyechoshwa na Hollywood anapata amani Afrika. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuisoma tarehe kwa jicho jingine. Mwaka 1959 Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Nanyuki ilikuwa katika nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu, na ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha vita vilivyomwaga damu katika misitu ya mlima uleule uliopamba madirisha ya klabu. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuigiza wanaonunuliwa alifika hapo kama mnunuzi.

Haki inadai kutaja upande wa pili. Kazi ya kuhifadhi wanyama haikuwa pambo la nyota. Aliifanya kwa miaka mingi, na baada ya kifo chake Stefanie Powers alianzisha mfuko wa hifadhi uliobeba jina la Holden, wenye kituo cha elimu kwa wanafunzi karibu na Nanyuki. Kuhusu sanaa, hata hivyo, Kenya haikumpa kitu. The Lion (1962), iliyopigwa huko chini ya uongozaji wa Jack Cardiff, ina mandhari nzuri na simba mzuri. Waafrika waliomo ni sehemu ya mandhari na chanzo cha hatari, na Holden anapita katikati yao akiwa na uso wa mtu aliye likizo.

Kikuku kinachokatika

Mwaka 1966 gari la Holden lilihusika katika ajali nchini Italia iliyomwua dereva wa gari jingine, naye akapewa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Alipoitwa na Sam Peckinpah kuigiza katika The Wild Bunch (1969) alikuwa na umri wa miaka 50 na thamani yake sokoni ilikuwa imeshuka. Pike Bishop, mhusika wake, ni kiongozi wa genge la wanyang'anyi mwaka 1913, wakati magari na bunduki za rashasha zimekwisha kuingia na wapanda farasi hawana tena pa kwenda. Genge linakubali kazi ya kumwibia silaha jenerali wa Kimeksiko, Mapache, kwa malipo ya dhahabu. Bei inakubaliwa mapema. Sehemu kubwa ya filamu ni utekelezaji wa mkataba.

Katika onyesho moja Pike anajaribu kupanda farasi, kikuku kinakatika, anaanguka kwa mguu wake wenye jeraha la zamani, na vijana wa genge wanamcheka. Hajibu. Anajikokota, anapanda upya, anaondoka, na Peckinpah anaiacha kamera imtazame kwa nyuma akienda polepole. Kwa muda wote huo hatuoni uso wake. Holden anaigiza kwa mgongo: mabega hayajanyooka kwa kiburi wala hayajainama kwa kushindwa, yamebaki pale ambapo maumivu yameyaweka. Ni vigumu kukuta katika sinema ya Marekani ya enzi hiyo mgongo uliosema zaidi.

Mapache anamkamata Angel, kijana wa genge, na kumtesa. Pike na wenzake wamekwisha kulipwa na wanaweza kuondoka. Asubuhi ya mwisho Pike yuko katika chumba cha mwanamke kijana na maskini, mwenye mtoto mchanga. Kutoka chumba cha pili zinasikika sauti za ndugu wawili wa genge wakibishana na mwanamke mwingine kuhusu malipo yake. Pike anavaa shati. Anamtazama mwanamke, anamtazama mtoto, anasikia ubishi wa bei. Anatoa sarafu za dhahabu. Kisha anakwenda mlangoni na kusema maneno mawili ya kuwaambia waondoke, na wote wanaelewa kwamba wanakwenda kufa kwa ajili ya Angel. Onyesho hili limejadiliwa sana kwa ajili ya mauaji yanayofuata, na kidogo sana kwa ajili ya kinachosikika kabla yake. Uamuzi wa Pike unazaliwa ndani ya mabishano ya bei. Holden hatoi ishara yoyote ya kuamua. Macho yake yanasimama tu mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu aliyefika chini ya safu ya hesabu na kukuta jumla ni ileile aliyoijua siku zote. Koti la Gillis na sigara za Sefton vimo katika sekunde hizo.

Network (1976) ya Sidney Lumet ni ya maneno mengi, na maneno ya Paddy Chayefsky hayamwachii mwigizaji nafasi kubwa. Max Schumacher, mkuu wa habari wa kituo cha televisheni, anamwacha mke wake kwa ajili ya mtayarishaji kijana Diana, na wakati wa kuachana anamhukumu Diana kwa hotuba ndefu inayomfanya yeye kuwa ubaya wote wa televisheni. Hotuba hiyo haina haki. Muswada unasahau kwamba Max mwenyewe, kwa hasira ya kudhalilishwa na wakubwa, ndiye aliyemruhusu mtangazaji aliyeanza kuvurugikiwa akili arudi hewani. Holden hakusahau. Anaitamka hukumu kwa sauti ya chini, bila ushindi, kama mtu anayesoma mashtaka ambayo jina lake nalo limo. Na katika onyesho la kukiri kwa mkewe, Beatrice Straight anapopata dakika chache zilizompa Tuzo ya Oscar, Holden anafanya kazi ngumu zaidi: anasimama, anasikiliza, anaacha zipite. Yeye mwenyewe aliteuliwa mwaka huo na kushindwa na mwenzake wa filamu hiyohiyo, Peter Finch, aliyekuwa amefariki.

Holden alikufa mwezi Novemba 1981 nyumbani kwake Santa Monica, baada ya kuanguka akiwa amelewa na kuumia kichwa. Siku kadhaa zilipita kabla hajakutwa. Haikuchukua muda kabla ya kifo hicho kuunganishwa na maiti ya Gillis bwawani, na tangu hapo uhusiano huo umerudiwa kana kwamba ni uhakiki. Hauongezi lolote. Mwaka 1950 Holden aliigiza maiti kwa ufundi, na mwaka 1981 alikufa kwa ajali.

Kama filamu ya mwanzo inahitaji mwenza, basi mwenza huyo ni Fedora (1978), ambamo Wilder alimrudisha Holden kwa mara ya mwisho. Barry Detweiler, mtayarishaji aliyeishiwa, anakwenda kisiwa cha Corfu na muswada mkononi kumsihi nyota mkongwe arudi kwenye skrini. Usimulizi ni wa Holden tena, lakini safari hii anayesimulia yu hai na aliyelala jenezani ni nyota. Filamu ni dhaifu; wanawake wake hawana nguvu ya Swanson, na siri yake inatabirika mapema. Holden ndiye anayeibeba. Amekuja na bei, na hana fedha ya kuilipa. Anapoambiwa ukweli kuhusu Fedora hajifanyi kushangaa sana. Anakaa kitini karibu na jeneza, koti la safari likiwa bado mwilini, anasikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza katika miaka 28 ya kushirikiana na Wilder hakuna mtu chumbani anayemwuza wala anayemnunua.